Siku ambayo sikupima mvua

Saa mbili kamili asubuhi, pale Lwiro, kwenye kituo cha utafiti mashariki ya Kongo, nyasi bado zina umande na mlima Kahuzi umejifunika ukungu hadi kiunoni. Nimepiga magoti mbele ya mtungi wa bati wa kupimia mvua, uliosimikwa juu ya kigingi. Natoa chombo cha ndani, namimina maji yaliyolala humo katika bilauri nyembamba ya kioo yenye mistari, nainyanyua hadi usawa wa jicho, nasubiri yatulie. Maji ndani ya kioo chembamba hayalali sawa. Yanapanda kidogo pembeni na kubonyea katikati, kama godoro lililolaliwa. Unasoma pale chini, kwenye bonde. Milimita 7.3. Naandika kwa kalamu ya risasi kwenye kijitabu cha mfukoni, kwa sababu wino hauvumilii mvua, halafu naenda ofisini kunakili kwa biki ndani ya daftari kubwa.

Kazi hiyo niliifanya kwa miezi saba, mwaka 2019, bila mshahara. Nilikuwa nimemaliza masomo ya biolojia Bukavu, diploma iko ndani ya bahasha, na bahasha nimeizungusha ofisi nyingi hadi walinzi wa malangoni wakanizoea. Niliposikia kwamba Lwiro mtu anaweza kupokelewa kama wa kujitolea, nilimwambia mama yangu jioni ileile. Mama anauza maharage soko la Kadutu. Alikuwa akiyachambua juu ya ungo.

"Watakulipa ngapi?"

"Hawatanilipa, Mama."

Akatoa jiwe moja, akalitupa nje ya mlango. "Na basi, nani atalipa?"

Alilipa yeye. Kila nilipopanda kwenda kule alinifungia maharage ndani ya kipande cha kitenge, na pesa ya basi imekunjwa katikati ya maharage ili isionekane. Kwa hiyo nikisema nilijitolea, ukweli ni kwamba tulijitolea wawili.

Lwiro iko kilomita 40 na kidogo kaskazini mwa Bukavu. Unafuata barabara ya Goma, unapita Mudaka na soko lake, unapita Miti ambapo njia nyingine inakata kupanda Tshivanga kwenye makao ya mbuga ya Kahuzi-Biega, unafika Kavumu kwenye uwanja wa ndege, halafu unamalizia kwa moto, yaani pikipiki. Wabeleji walianzisha taasisi yao ya utafiti wa Afrika ya Kati mwaka 1947, wakaifanya Lwiro kuwa kitovu chake, na majengo waliyoyaacha yangetosha mji mdogo. Leo ni Kituo cha Utafiti wa Sayansi Asilia, chetu wenyewe. Nilipoingia mara ya kwanza katika maktaba nilisimama tu. Nilikuwa nimesoma biolojia miaka mitano kwa noti za fotokopi, nyingine zimefifia hadi unabahatisha herufi, kumbe vitabu hivyo vyote vilikuwa mwendo wa saa moja na nusu kutoka kwetu.

Mwalimu wangu hakuwa daktari wala profesa. Alikuwa mzee wa makamo ya kustaafu, ambaye sitamtaja jina kwa sababu hapendi kutajwa. Kila mtu alimwita Papa, nami nilimwita hivyohivyo. Yeye aliniita "mama", kama wazee wetu wanavyowaita mabinti. Alinifundisha kusoma mvua kwa muda wa wiki mbili kabla hajaniacha peke yangu na bilauri. Siku ya kwanza alinionyesha jambo ambalo chuo kikuu hakikuwahi kunionyesha hivyo: milimita 1 ya mvua ni lita 1 ya maji juu ya kila mita mraba. "Sasa shamba la mama yako lina ukubwa gani?" Nikamwambia, mita 20 kwa 30, lile la bibi. Tukapiga hesabu pamoja. Zile 7.3 zilizoonekana kama mate ndani ya kioo zilikuwa lita 4,380 juu ya shamba lile, yaani bidoni 219 za lita 20. Mimi nimebeba bidoni tangu utotoni. Bidoni 219 nazijua shingoni. Tangu siku ile sijaona tena mvua ndogo.

Baada ya mvua, asubuhi yangu ilikuwa ya kinyesi. Nalisema wazi kwa sababu ndiyo kazi niliyoipenda kuliko zote. Kutoka msituni vililetwa vifuko vya plastiki vyenye kinyesi cha sokwe mtu, kila kimoja na karatasi yake: tarehe, mahali, saa. Watafiti wa Lwiro wamekuwa wakifanya kazi hiyo kwa miaka mingi, wao na wenzao wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani. Mmoja wa Wajapani hao, Juichi Yamagiwa, alifika Kahuzi mwaka 1978 kuwafuata gorila, na baadaye akawa mkuu wa chuo kizima, kuanzia 2014 hadi 2020. Sokwe wa msitu huu wa mlimani ni wachache na wana woga. Unaweza kuwatafuta siku nne ukakuta vitanda vyao tu juu ya miti, maana kila jioni kila mkubwa hujikunjia kitanda kipya cha matawi. Kama huwezi kumwona akila, unasoma alichokula.

Unaweka kinyesi kwenye chekecheke ya matundu ya milimita 1, unaifungulia maji taratibu, unasugua kwa vidole vyenye glavu. Harufu si ile unayoifikiri. Ni ya majani yaliyochacha, karibu na harufu ya pipa la kasiksi, pombe yetu ya ndizi, siku ya pili. Maji yanageuka kahawia, kisha chai, kisha yanakuwa meupe, na kwenye waya zinabaki mbegu. Kuna kubwa, ngumu, zenye rangi ya mbao iliyopigwa vanishi, ambazo unazihesabu moja moja na kuzianika juu ya gazeti. Halafu kuna mbegu za mikuyu, ndogo kuliko ufuta, za manjano, nyingi hadi hazihesabiki, zinang'ang'ania kila uzi na kila kipande cha ganda. Karibu kila kifuko kilikuwa na mikuyu. Mwezi matunda mengine yanapokosekana, mkuyu mmoja mahali fulani msituni unakuwa umeiva, na sokwe wanaujua. Nilipanda mbegu chache za zile kubwa ndani ya kopo la nyanya, nikaliweka dirishani. Wiki kadhaa baadaye udongo ulipasuka, likachomoza jani moja lililokunjwa kama barua. Mti ule ulisafiri tumboni mwa mnyama, ukashuka mlima ndani ya mfuko wa plastiki, ukaota kwenye kopo la nyanya. Nikampigia mama simu kumweleza. Aliniuliza kama unazaa kitu cha kula.

Kulikuwa na vifuko visivyo na mbegu hata moja. Nyuzi za majani, maganda ya mashina, basi. Hapo unaandika 0. Mwanzoni niliona uvivu kuandika 0 katika vyumba kumi vya jedwali, nikawa naviacha wazi. Papa alipita nyuma yangu, akaweka kidole kwenye chumba kimoja kitupu.

"Hapa hakukuwa mbegu, ao haukuangalia?"

"Hakukuwa, Papa."

"Basi andika."

Sikuelewa uzito wa neno hilo hadi mwezi wa tatu.

Jumamosi moja nilishuka Bukavu kwa harusi ya binamu yangu. Papa alikuwa na kilio kwao, kwa hiyo mvua ya Jumapili ilikuwa juu yangu, nami nilimwahidi kwamba nitapanda basi la kwanza. Nililipanda. Likafia Mudaka, tukakaa kando ya barabara wakati dereva na msaidizi wake wamelala chini ya injini, na usiku kucha mvua ilikuwa imenyesha, na saa tano ikanyesha tena, ile ya ghafla, hadi tukakimbilia chini ya vibanda vya soko. Nilifika Lwiro saa tisa alasiri, viatu mkononi. Mtungi ulikuwa na 22.6. Ndani yake kulikuwa na mvua ya usiku, ambayo ni ya siku ile, pamoja na mvua ya saa tano, ambayo ni ya siku ya kesho yake, maana siku ya mvua inafungwa saa mbili asubuhi. Maji yakishachanganyika hakuna awezaye kuyatenganisha.

Nilikaa na kalamu. Nikafikiri: usiku ilinyesha sana, saa tano ilinyesha kidogo. Nikaandika Jumapili 15.4. Zile 7.2 zilizobaki nikapanga kuziongeza kwenye kipimo cha Jumatatu. Nakumbuka nilivyochagua hizo desimali. Niliandika nne kwa sababu sifuri na tano zingeonekana kama za kubuni.

Jumatatu Papa alirudi. Alisoma daftari akiwa amesimama, kofia bado kichwani.

"Jumapili saa mbili, ulikuwako?"

Ningeweza kusema ndiyo. Hakuna mtu aliyeniona.

"Sikuwako, Papa. Basi lilikufa Mudaka. Nilifika saa tisa."

"Sasa hii 15.4, uliiona wapi?"

Nililia, naandika bila aibu. Yeye hakupandisha sauti. Alivuta kiti, akakaa karibu nami, akanionyesha namna ya kusahihisha: haufuti, haupaki rangi nyeupe, haung'oi ukurasa. Unapiga mstari mmoja mwembamba juu ya namba ya uongo ili atakayekuja aweze bado kuisoma, kisha unaweka kistari mahali pa Jumapili, na kwenye Jumatatu unaandika jumla yote iliyokusanyika, na pembeni unaeleza kwamba ni maji ya siku mbili. Unatia sahihi. Halafu akasema maneno ambayo nimeyabeba hadi leo, kwa Kiswahili chetu cha Kivu:

"Sifuri, ni kusema niliangalia, sikuona kitu. Mustari, ni kusema sikuangalia. Usichanganye hivi viwili, mama. Watu wanakufaka juu ya hivyo."

Akaniambia habari za mwaka 1996. Mwishoni mwa Oktoba Bukavu ilipoanguka, vita vilipopanda barabara hii, alikimbia na mke na watoto, wakalala nje siku ambazo hapendi kuzihesabu kwa sauti. Aliporudi, nyumba ilikuwa tupu lakini daftari lake la mfukoni lilikuwa limebaki kwenye koti. Alikaa chini, akaandika kistari kwa kila siku aliyokuwa porini. "Ukurasa mzima," alisema. "Mvua ilininyeshea kila usiku, mimi na watoto. Niliijua ile mvua. Lakini sikuipima."

Tangu hapo nikaanza kukiona kile kistari kila mahali.

Chukua kisa cha Idjwi, kisiwa cha katikati ya Ziwa Kivu, ambako bibi yangu alizaliwa. Bibi alikuwa na rovu. Lilikaa chini ya kidevu chake kama embe, na sisi wajukuu tulidhani wazee wote wa kule huota hivyo. Pale maktabani nilikuta kwamba miaka ya 1960 madaktari waliofanya kazi na taasisi ileile ya Lwiro, akina Delange na Ermans, walizunguka kisiwa kizima wakipapasa shingo za watu. Ilijulikana kwamba rovu linatokana na kukosa iodini. Lakini wao hawakuishia kaskazini, kwa bibi, ambako marovu yalikuwa tele. Walikwenda na kusini-magharibi, ambako yalikuwa machache, wakapima na kule. Wakakuta iodini inakosekana pande zote mbili sawasawa. Basi kwa nini huku shingo zinavimba na kule hazivimbi? Jibu lilikuwa kwenye muhogo. Muhogo una sumu ambayo mwili huigeuza kuwa kitu kingine, na kitu hicho huizuia tezi ya shingoni isichukue hata ile iodini kidogo iliyopo. Mahali watu wanapokula muhogo mwingi usiolowekwa vya kutosha, upungufu uleule unazaa rovu. Leo hilo limo katika vitabu vya tiba vya dunia nzima. Lilijulikana kwa sababu mtu alikwenda kupapasa shingo zisizokuwa na kitu, akaandika kwamba hazina kitu.

Usiku huo nilimpigia mama kumwuliza bibi alikuwa akiloweka muhogo siku ngapi. Akasema mwaka wa njaa hapakuwa na kuloweka.

Au chukua gorila. Wale wa kwetu, wa mashariki ya Kongo, hawapo popote pengine duniani. Miaka ya 1990 walikadiriwa karibu 17,000. Mwaka 2016 ikatangazwa kwamba wamebaki 3,800. Mwaka 2021 makadirio yakarudi na 6,800. Mjini watu walicheka: yaani gorila wamezaana hivyo kwa miaka mitano? Hapana. Gorila huzaa mtoto mmoja na kumlea miaka. Kilichobadilika ni kwamba kuna misitu ambayo awali haikuweza kukanyagwa kwa sababu ya vita, na safari hii watu walifika wakahesabu. Kahuzi-Biega peke yake ina kilomita mraba 6,000, na sehemu ya mlimani ambayo wageni huiona ni kama 600 tu. Kwa muda mrefu sana zile nyingine zilikuwa kistari, na kuna waliozisoma kama sifuri. Hilo linanikera hadi leo, kwa sababu ndivyo tunavyosomwa sisi pia. Mahali ambapo hakuna aliyekuja kuangalia panaandikwa kwamba hapana kitu.

Jioni zilikuwa fupi. Giza linaingia saa kumi na mbili, baridi inashuka kutoka msituni, tunakaa jikoni karibu na mbabula, jiko letu la makaa. Mama aliyetupikia alikuwa na sombe, majani ya muhogo, ambayo sijaonja mfano wake, na sambaza wakavu aliowakaanga hadi wakalia mdomoni. Huwaambii watu wa Bukavu kwamba sambaza si samaki wa asili wa ziwa letu, kwamba waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Nilimwambia yule mama, akanitazama kana kwamba nimemsingizia mtoto wake. Siku nyingine nilipelekwa kuona chombo kinachoandika mitetemeko ya ardhi. Nilikuwa na umri wa miaka 11 tarehe 3 Februari 2008, kanisani, Jumapili asubuhi, ukuta ulipotikisika na kwaya ikanyamaza katikati ya wimbo. Kumbe kuna watu ambao kazi yao ni kukesha wakiisikiliza ardhi siku ambazo haisemi chochote.

Niliondoka baada ya mwezi wa saba kwa sababu mama aliugua, na mtoto wa kwanza ndiye hurudi. Sasa nafundisha biolojia sekondari hapa Bukavu. Darasani kwangu mwanafunzi akiacha chumba cha jedwali wazi nampelekea kidole palepale.

Papa alistaafu. Nyumbani kwake, upande wa Katana, alikata chupa ya plastiki, akaigeuza shingo iwe mrija, akaweka vijiwe na maji chini ili isipeperushwe, akafunga rula kwa mpira pembeni, sifuri ya rula ikianzia juu ya vijiwe pale maji yanapoanzia. Kila mara nikimpigia ananisomea mvua ya asubuhi kabla hatujasalimiana vizuri.

Februari 2025 vita vilipita tena barabara ileile. Tarehe 14 uwanja wa ndege wa Kavumu ulichukuliwa, na baada ya siku mbili mji wetu nao. Tulijifungia ndani, magodoro yameegemezwa madirishani, mama akisali rozari kwa sauti ya chini. Simu ya Papa haikuita. Nilijaribu asubuhi, nilijaribu usiku, siku baada ya siku. Ilipoita hatimaye, aliipokea mwenyewe.

"Papa, muko wazima?"

"Tuko. Tulikimbia, tumerudi. Chupa niliikuta imesimama."

Nikamwuliza ana mistari mingapi. Akasema tisa.

"Na leo?"

"Leo nilipima. 12.4." Kisha akanyamaza kidogo, nikasikia kuku wakilia nyuma yake. "Na kule kwenu Bukavu, mvua ilinyesha usiku?"

Nilikuwa nimelala sakafuni, mbali na dirisha, masikio yangu yote yako barabarani. Sikuweza kukumbuka.

"Sijui, Papa. Sikuangalia."

"Haya, mama," akasema. "Weka mustari. Kesho utaangalia."